Hodi Kwenye Mikaratusi

Mwalimu wa binti yangu, wa shule ya watoto wadogo hapa Beni, alituandikia wazazi kijibarua. Mwisho wa juma tuwatembeze watoto mahali penye miti, tuifanye safari iwe ya kufurahisha, na Jumatatu kila mtoto alete majani matano ya aina tano. Tuliokuwa mlangoni tukatazamana. Mama mmoja tunayekaa naye komini moja, mtaa wa Ruwenzori, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kutembeza batoto mu pori? Hapa Beni? Huyu mwalimu anatoka wapi?" Sisi wa hapa tunajua pori ni kitu cha kutazamwa kwa mbali, kwa sababu ya wenye silaha waliomo, na hata kwa mbali hulitazami sana.

Nilimpeleka binti yangu nyuma ya kanisa, penye mikaratusi michache na uzio mzuri. Ana miaka mitano. Baada ya hatua kumi alisema miguu inauma, baada ya ishirini akakaa chini. Nikachuma jani nikalifikicha ili anuse, labda litamwamsha. Niliyeamka ni mimi. Harufu ile ilinipanda puani hadi machoni, nikamshika mtoto mkono nikamrudisha nyumbani karibu kwa kukimbia, tukiwa na jani moja tu kati ya matano. Mume wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, kisha nikaanza kupanga vyombo ambavyo nilikuwa nimevipanga asubuhi.

Mimi ni mtu wa namna hiyo. Siwezi kukaa. Kanisani nakaa mwisho wa benchi karibu na mlango, na mchungaji ameshazoea. Watu husema ni vita vilivyonifanya hivi, lakini si kweli, nilizaliwa hivi. Vita vilinipa sababu tu.

Ninyi wa rika langu mliokulia Butembo miaka ile hamhitaji kuelezwa. Tulikuwa tunalala na viatu karibu na kitanda. Wanajeshi walikuwa wakibadilika kila msimu, wengine wanaingia na wengine wanatoka, na sisi watoto hatukuweza kuwatofautisha isipokuwa kwa viatu. Baba alikuwa dereva wa lori, anapeleka bidhaa Kanyabayonga na kurudi na maharagwe, na barabara ilipofungwa alikwama huko wiki nzima, au mbili. Nyumbani tulibaki na Mama. Mimi, Masika, binti wa kwanza, nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Muhindo alikuwa na mitano. Halafu kulikuwa na mtoto mchanga, aliyekaa mgongoni kwa Mama mchana kutwa kama sehemu ya nguo zake.

Jumapili, baada ya ibada na chakula, Mama alitupandisha mlimani. Kwetu Butembo hilo lilikuwa jambo la kushangaza kuliko risasi. Nani anapanda mlima bila kazi? Mtu wetu akipanda mlima ana jembe, akishuka ana mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Jirani wa kwanza aliyetuona tunapanda mikono mitupu aliuliza kama kuna msiba. Wa pili alisema, "Mama Masika anachunga batoto sawa mbuzi." Tangu siku hiyo Mama alibeba jembe begani kila Jumapili, ingawa ni siku ya Bwana na hakulima hata shimo moja. Lile jembe lilikuwa la kufunga watu midomo.

Muhindo hakupenda kutembea. Alikuwa mzito, mvivu, mwenye mashavu, na kila akichoka alitaka mgongo, na mgongo wa Mama ulikuwa na mwenyewe tayari. Ndiyo maana Mama alibuni nyumba. Alituambia mlima ule ni nyumba kubwa kuliko zote za wafanyabiashara wa mjini, ila kuta zake hazionekani kwa watu wavivu. Kijito cha chini kilikuwa jiko. Hapo tulisimama, tukaonja maji kwa kiganja, na Mama akauliza kama chumvi inatosha. Muhindo aliwahi kubisha kwamba jiko huwa nyuma ya nyumba, mgeni hapitii jikoni. Mama akamjibu, "Sisi si bageni. Sisi ni batu ya nyumba." Akaridhika, akapanda.

Juu ya kijito palikuwa na mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, chini yake pasafi, magogo mawili ya kukalia. Hapo palikuwa salon, sebule ya wageni. Na kwenye salon kulikuwa na sheria. Huingii bila hodi. Mama alitangulia akajificha nyuma ya shina, sisi tukasimama mwanzo wa miti tukapiga hodi, na lazima tungoje mpaka sauti nene ya mwenye nyumba itoke ikisema karibu. Nilijua ni Mama, hata mtoto mchanga alijua. Muhindo alijua na hakujua. Alisimama pale ameinua kidevu, mikono mbavuni, akipiga hodi kama shemasi, na akisikia karibu mwili wake wote ulifurahi. "Mwenye kuingia bila hodi ni mwizi," Mama alituambia, nasi tukakariri. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Muhindo alilelewa vizuri mno, kama mtakavyoona.

Chumba cha kulala, chambre kama Mama alivyokiita, kilikuwa juu zaidi, kwenye bonde dogo lililojaa kangaga ndefu kupita kimo changu. Kule tulivua viatu. Tulilala chali, kila mtu kitandani pake, na tukaimba wimbo mzima wa Shule ya Jumapili moyoni bila kutikisa midomo. Wa mwisho kumaliza ndiye mshindi. Na mgeni haingii chumbani kwa baba na mama, hiyo nayo ilikuwa sheria. Muhindo alishinda kila mara kwa sababu alisinzia. Mimi nilishindwa kila mara. Makalio yangu hayakujua kutulia, wadudu walinitambaa hata pasipo na wadudu, na nilimaliza beti nne kwa pumzi moja nikauliza, "Tunaenda sasa?"

Mnaweza kudhani nilielewa Mama anatufundisha nini. Hapana. Niliamini tunajenga. Tulikuwa wapangaji, Baba alikuwa amesema siku moja atanunua kiwanja, na mimi nikaunganisha mambo kwa akili yangu ya miaka tisa. Mama anapima vyumba. Nilikasirika kweli, kwa sababu shule ingekuwa mbali na ningepanda mlima kila siku na maji kichwani. Niliwaambia darasa zima kwamba tunahamia mlimani. Hata alipotuambia la kufanya risasi zikianza, wakati anamenya viazi, nilisikia habari za nyumba tu. "Mukisikia masasi na mimi siko, muende ku nyumba ya mulima. Hapana ngoja mimi. Hapana rudi juu ya kitu. Mimi nitakuwa mu chambre." Nikaitika ndiyo Mama, huku nikiwaza atapanga vitanda vipi.

Masasi yalikuja siku ya kazi, asubuhi. Mama alikuwa ameondoka mapema na mtoto mgongoni kwenda shamba la maharagwe, lililokuwa nyuma ya bonde la kangaga. Mimi nilikuwa nachochea sufuria. Mwanzoni ilikuwa kama mahindi kwenye kikaango, huko bondeni upande wa barabara, kisha mtaa mzima ukatoka nje kwa mara moja. Watu walikimbia kila upande wakigongana. Nilimwaga maji motoni, nikamshika Muhindo mkono, tukapanda.

Alilia mpaka kwenye kijito. Kwenye kijito akanyamaza, akachutama, akaonja maji. Nilimvuta kwa ukosi. "Haujaonja," akaniambia, "weye haujaonja." Nikaonja. Ningefanya lolote asilie. Risasi zilikuwa nyuma yetu, mlima mbele ulikuwa kimya, na kilichobaki kwangu duniani kilikuwa kumfikisha yule mtoto mzito kwenye kangaga, kwa Mama.

Mwanzo wa mikaratusi akasimama.

"Muhindo, leo hakuna hodi. Twende."

"Lakini Mama alisema mwenye kuingia bila hodi ni mwizi."

"Leo aliruhusu."

"Alikuambia saa ngapi?"

Nilimshika kiunoni nimbebe. Akajilegeza, akawa mzito maradufu, akateleza mikononi mwangu mpaka chini. Nikamziba mdomo, akaning'ata. Kisha akasimama, akainua kidevu, akaweka mikono mbavuni na kwa sauti yake yote akapiga hodi. Mara mbili.

"Karibu," sauti ya mwanamume ikajibu kutoka kwenye miti.

Nimeshajaribu mara nyingi kumweleza mume wangu uso wa Muhindo wakati ule, na sijafaulu. Alikuwa ameng'aa. Miezi yote ile mwenye nyumba alikuwa mama yetu nyuma ya shina, na leo mwenyewe alikuwa ameitika. Aliingia kabla sijamshika.

Walikuwa wanne. Mmoja alikuwa amekaa kwenye gogo letu akimenya avokado kwa kisu cha bunduki. Wawili walikuwa wamelala. Yule aliyejibu alikuwa mkubwa wao, mwenye buti za mpira za mkulima, na sauti yake haikuwa mbaya, jambo ambalo liliniogopesha zaidi.

"Bana ya nani? Yaka awa." Akakiacha Kilingala alipoona hatuelewi sana. "Mukuje hapa. Mama yenu iko wapi?"

Muhindo alikuwa na swali lake. "Njo weye mwenye nyumba?"

"Nyumba gani?"

"Hii." Basi akaanza kumzungusha, kama mtoto anayeonyesha zawadi ya Noeli. Hapa njo salon. Kule chini njo cuisine, mayi iko na chumvi kidogo. "Na chambre iko..." Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea juu, kwenye bonde.

"Chambre iko wapi?" Mwenye buti alikuwa ameacha kutabasamu. "Na nani iko mu chambre?"

Sikuwa nimeona mtu kule. Lakini nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba Mama yuko kwenye kangaga na mtoto, na kwamba mkono wa Muhindo ukifika pale unapokwenda, hawa watu watainuka. Sikuwa na akili wala ujasiri. Nilikuwa na adabu tu, ile iliyoingizwa kichwani mwangu kila Jumapili.

"Muhindo!" nikamkaripia kwa sauti ya Mama, lakini ya chini. "Mugeni banamuonyeshaka chambre ya baba na mama?"

Mkono ukasimama. Ukashuka. Aliona haya mpaka masikio. Kisha akamgeukia mwanajeshi, amefunga uso, akamwambia, "Hapana. Mugeni anakaaka mu salon. Ukiingia kule Mama atakuchapa."

Wakacheka. Waliolala wakaamka wakauliza nini, wakaambiwa, wakacheka nao, vicheko vikubwa vya watu ambao hawajacheka siku nyingi. Mwenye buti peke yake aliendelea kunitazama. "Weye mukubwa. Kuna batu kule juu?"

"Ni mashamba tu," nikasema.

"Basi sisi ni bageni. Mugeni banamupaka nini?"

Wazee wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile sikuona atakayepona ni nani. Nikasema tunaweza kuwapa maji ya jikoni. Akanisukumia bidoni, dumu la njano. "Weye leta mayi. Huyu kadogo atabaki."

Niliteremka kwenye kijito nikapanda na maji. Walikunywa, wakanawa, wakanirudisha. Sijui nilikwenda mara ngapi, labda nne. Kila nikishuka ningeweza kupenya kwenye matete na kuzunguka mpaka kwa Mama, na kila mara nilisikia sauti ya Muhindo juu ikiwaambia wavue viatu au wafumbe macho tuombe, na vicheko, nikajaza bidoni nikapanda mbio. Sikusema neno. Safari ya mwisho nilikuta wamesimama. Filimbi ilikuwa imelia kutoka barabarani. Mwenye buti alimpa Muhindo nusu ya avokado, akamshukuru kwa kusema melesi, nao wakashuka upande wa mji.

"Habakuomba ruhusa ya kwenda," Muhindo akasema, mdomo umejaa.

Tulikaa mpaka nilipoacha kusikia matawi. Kisha tukapanda kwenye kangaga. Walikuwa wengi mno mle, wanawake wa mashamba yote ya jirani na watoto wao, wamelala kila mmoja kitandani pake, kimya kabisa. Muhindo alisimama akawatazama kwa hasira. "Mama, juu ya nini umeingiza bageni mu chambre?"

Mama aliinuka, mtoto mchanga titini. Alikuja moja kwa moja kwangu, wala si kwa Muhindo, akanipiga kofi lililonizungusha. Halafu akanivuta akanibana kifuani na yule mtoto, mpaka yule mtoto akalia, na wanawake wote wakasema shii.

Jioni, nyumbani, alichemsha maji akanikogesha yeye mwenyewe, kama mtoto mdogo, kwa majani machungu ambayo sijui jina lake. Aliniuliza naumwa wapi. Nikasema shavu. Akauliza tena naumwa wapi. Nikaudhika, nikasema nimeshakuambia shavu! Siku tatu hakunipeleka kuchota maji wala kuniacha nicheze nje, na mimi niliyeshindwa kukaa nikaona hiyo ni adhabu ya kuchelewa. Wamama wa kanisa walikuja wakaniwekea mikono kichwani wakaomba kwa Kinande, wakimwita Mungu, Nyamuhanga, Nyamuhanga, nami nikachungulia katikati ya vidole nikihesabu nzi. Mlimani hatukupanda tena. Baba aliporudi hakuambiwa mbele yangu.

Nikakua. Mama aliyekuwa mkali kwa wote alikuwa laini kwangu kwa namna iliyonichosha. Hakunituma mahali peke yangu mpaka nina miaka kumi na minane. Nilipochumbiwa aliniuliza mara tatu kama nina hakika, kama siogopi, na mara ya tatu nilimjibu vibaya. Alimwita mume wangu pembeni akazungumza naye muda mrefu. Nilimbana anieleze aliambiwa nini. Akasema aliambiwa anitendee taratibu. Nilicheka. Nilidhani ni kwa sababu ya papara zangu.

Wiki iliyofuata ile ya majani nilipanda gari nikaenda Butembo. Niliwaambia watu naenda kumsalimu Mama. Kwa kweli nilikwenda kumuuliza alitutembezaje, mbinu ni ipi, kwa sababu binti yangu hatembei, na huku kwetu mtoto asiyetembea ni jambo la kukosesha usingizi. Nilimkuta uani, anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilimsifu kwa ile nyumba. Nikataja jiko, nikataja salon, nikasema kwa mzaha kwamba adabu ya hodi nusura ituue.

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Nilisikia hodi," akasema. "Nilijua ni Muhindo. Nikasikia na ule mwanaume anajibu karibu."

Hilo nilikuwa silijui. Miaka yote niliamini kwamba kule kwenye kangaga hawakusikia kitu, kwamba alishtuka tu tulipotokea.

"Na ukafanya nini, Mama?"

"Nilimupa mutoto ziwa, asilie." Alizungumza kama anayeyaambia maharagwe. "Batu banasemaka mama anaingia mu moto juu ya mutoto wake. Mimi nilikaa. Hakuna mutu alinishika. Kulikuwa batoto ya benyewe mule, mingi, basi nilikaa. Lile kofi nilikupiga halikuwa lako, Masika. Nilikuwa natafuta mutu wa kupiga."

Hasira ilinipanda, siwezi kusema uongo. Nilikwenda mpaka mlangoni nikarudi. Nilikuwa na miaka tisa, nilisema moyoni, na wewe ulikuwa hapo juu, umbali wa kurusha jiwe. Nikaenda tena mlangoni. Niliporudi, alikuwa hajaniangalia bado.

"Nilisikia banacheka," akasema. "Banacheka sana. Sauti ya Muhindo nilikuwa naisikia. Yako hapana. Nilitega masikio mpaka yakauma. Ya kwako nilikosa." Akanigeukia. "Mwanangu, nimeogopa kukuuliza mpaka nimezeeka. Balikufanya nini?"

Nikakaa. Nilimwangalia yule mwanamke mwenye mvi, nikaona maji ya moto, majani machungu, mikono ya wamama kichwani kwangu, mara tatu za kuulizwa kama siogopi. Alikuwa ameyabeba yale peke yake, hakuyaweka chini hata siku moja, na mimi nilikuwa nahesabu nzi.

"Walinituma maji, Mama. Nilikuwa kule kijitoni nachota. Ndiyo maana hukunisikia."

"Na kisha?"

"Nikapanda, wakanywa, nikashuka tena."

"Mayi?"

"Maji."

"Mayi tu?"

"Mayi tu, Mama."

Aliniuliza tena. Nikamjibu tena. Aliendelea kuuliza mpaka kuku wakaufikia ungo wakaanza kula maharagwe, na hakuna aliyewafukuza.